Mkwe na Dawa ya Ng'ombe Aliyesusa

Keraryo wa kule nyuma ya Bunda hakuwahi kutibu mtu, na wala hakutaka. Mtu, anasemaga, akiumwa anakudanganya. Ng'ombe haongei, kwa hiyo hana pa kuanzia uongo. Walimletea ng'ombe waliovimbiwa, wengine waliokwama kuzaa, lakini kilichompa jina ni dawa ya ng'ombe aliyesusa. Ng'ombe aliyesusa ni yule ambaye ndama wake kafa. Anasimama kwenye kona ya zizi, kichwa chini, majani hataki, maji hataki, hata nzi wakimjaa mkia hautikisi. Keraryo anapanda kilimani, anabandua gome la mti fulani, anatwanga, analoweka, anachuja kwa kitambaa, anakoroga na magadi. Dawa yenyewe ni chungu mpaka yeye akiionja jicho moja linajifunga. Ng'ombe wengine walipona. Wengine walichinjwa, ila hao hakuwa anapenda kuwazungumzia.

Sasa mwaka ule mitumba iliporuhusiwa, Keraryo akajipatia koti zito la watu wa nchi za barafu, akawa analivaa mchana kweupe na jasho linamtiririka. Ndio mwaka ambao mama yake Robi, yaani mama wa mkewe, alipigwa na kiharusi huko Mwitongo, Butiama. Jina lake Nyangi, bibi ambaye alikuwaga akisalimiwa asubuhi anajibu mpaka mchana. Wakamlaza hospitali Musoma. Mkono ukaanza kurudi, mdomo ukanyooka, lakini maneno yakakatika. Kutwa anautazama ukuta, uji akiletewa anaupa kisogo.

"Inawapataga wengi baada ya kiharusi," muuguzi alimwambia Robi. "Ni huzuni, na huzuni hiyo nayo ni ugonjwa. Muwe mnamuongelesha, mtembezeni, mbembelezeni ale. Vidonge vyake sina, mwanangu. Siku hizi hata aspirini tunaisikiaga redioni."

Robi akamrudisha mama yake Mwitongo, kisha akaja Bunda kumweleza mumewe.

"Huyo kasusa," Keraryo akasema, mdomo ukiwa umemtangulia.

"Rudia."

"Sijasema kitu, Mama Wankyo."

"Umesema mama kasusa. Na dawa ya kususa unayo."

"Ya ng'ombe. Na yule ni mkwe wangu."

Ndio penye kazi hapo. Kwao mwanaume hamtazami mama mkwe wake, jina lake hatamki, na wakikaribia kukutana njiani anaingia kichakani, hata kama ni cha miiba. Keraryo alishachomwa sana na ukwe. Lakini Robi naye alikuwa hali chakula, na jioni hiyo akasema taratibu, bila kugomba, "Mama akifa na dawa unayo, mimi na wewe tutakuja kuongea nini humu ndani?"

Keraryo akachukua panga akaenda kubandua gome.

Walipanda juu ya marobota ya pamba, lori likaishiwa dizeli njiani, wakamalizia kwa miguu. Kufika Mwitongo, Keraryo akajibanza nyuma ya kihenge cha mtama, mgongo kaipa nyumba ya mkwewe, akamwita mkewe.

"Ng'ombe mkubwa nampa ndoo. Mama ana ukubwa gani?"

"Kwani hujawahi kumwona?"

"Ningemwonaje?"

Robi akafikiri. "Hafikii yule mtamba wetu mwekundu."

"Ndama aliyeachishwa?"

"Ndama aliyeachishwa, lakini ana makalio."

Keraryo akamimina robo kikombe, akaogopa, akapunguza nusu, akamwambia ampe kwa kijiko, amsugue mgongo, amwite jina lake la sifa, kisha amtoe nje awaone wenzake. Robi akafanya yote. Wenzake walikuwa mbuzi wawili na jirani.

Kila siku ikawa hivyo. Nyuma ya kihenge inatoka sauti: "Kameza?" Kameza. "Masikio yamesimama?" Baba Wankyo, ni mtu huyu. "Basi macho. Macho yana maji?" Lakini bibi neno hatoi. Robi akaanza kukata tamaa, na Keraryo usingizi ukapaa, maana ng'ombe akishindikana kuna kisu, lakini huyu je?

Asubuhi moja akasikia mtu anakaa kwenye kigoda upande wa pili wa kihenge. Akajua ni mkewe.

"Kinyesi leo kikoje?" akauliza. "Kigumu au kinakimbia?"

Kigoda kikasogezwa. Kisha ikaja sauti nzito, inaburuta maneno kama mtu anayevuta gunia.

"Robi kaenda kisimani. Na kinyesi ni changu."

Keraryo aliinuka na koti lake. Kichaka cha karibu alishakikadiria kwa macho.

"Ukikimbia," sauti ikasema, "sinywi tena matope yako."

Akasimama, mguu mmoja mbele. Kukimbia ndio heshima, kubaki ni aibu ya ukoo mzima. Akamfikiria Robi. Akakaa chini, akajifunika uso na kola ya koti.

"Nisamehe, mama. Nilidhani…"

"Kila anayeingia humu ananililia," bibi akasema. Akapumzika, akameza mate. "Wananong'ona kama nimeshazikwa. Hakuna anayeniuliza kitu. Wewe tu. Kila siku unauliza."

"Nilikuwa namuuliza Robi, mama."

"Mimi ndio nilikuwa nasikia. Dawa yako mbaya. Sijui inatibu nini." Akapumzika tena. "Endelea. Uliza kingine."

Keraryo akatafuta swali la kumuuliza mtu. Akapekua kichwa chote, hakuna. Jasho likamshuka ndani ya koti. Mwisho akauliza alilokuwa nalo.

"Majani unakula?"

Nyuma ya mtama bibi akafikiri sana.

"Mchicha," akasema. "Ukiwa na karanga."