Gazeti Lililosema Alikataa Kujibu

Mimi ni mwoga. Naanza na hilo ili mtu asije akanipamba baadaye akasema nilikuwa shujaa wa Nyakoe. Siku ile ninayoisimulia nilitamani kujificha chini ya kitanda, na hata leo, bibi mzima mwenye mvi, nikisikia gazeti likikunjuliwa natafuta mlango.

Tulikuwa wageni pale. Mimi na mume wangu tulitoka upande wa ziwa, yeye akiwa fundi wa nguo, mimi nikiwa na mtoto wa kwanza mgongoni na madarasa machache ya misheni kichwani. Tulipanga chumba chenye baraza sokoni Nyakoe, karibu na mji wa Kisii. Cherehani ilikaa barazani, kitanda nyuma ya pazia. Mwenye nyumba alikuwa mtu mmoja mwenye safu ya maduka na lori, mpole, asiyegonga mlango hata kodi ikichelewa. Tulimwita Mzee. Chumba kile ndicho kilikuwa kila kitu chetu. Tukitolewa pale, hatukuwa na pengine pa kuweka cherehani wala jiko.

Kusoma gazeti nilijitafutia mwenyewe kwa kiherehere changu. Gazeti la Kiswahili lilikuja na basi kutoka Kisumu kila wiki, nakala moja tu, na wengi pale sokoni hawakusoma. Basi siku ya soko nilisimama juu ya sanduku la majani ya chai, nikasoma kwa Kiswahili, kisha nikarudia kwa Kikisii changu cha kuokoteza. Walinicheka matamshi, lakini walikuja. Mume wangu alipenda mambo hayo kwa sababu mtu akisimama kusikiliza hukumbuka suruali yake iliyotoboka. Nami nilijiona mtu, kusema kweli.

Mwaka ule, miaka ya hamsini ikielekea mwisho, Mzee akagombea kiti katika baraza la wilaya. Hapo ndipo minong'ono ilipoanza. Lile lori, kalitoa wapi? Alikuwa mmoja wa wakubwa wa chama cha kahawa, na wakulima walikuwa wakilalamika kwamba malipo yao yamekwama. Watu wakajumlisha wenyewe, chini chini, bila kumwuliza.

Asubuhi moja akashuka kwenye basi mwandishi wa lile gazeti. Alikuwa kijana wa kwetu, ukoo mmoja na mume wangu, kwa hiyo alifikia kwetu, na mimi nikampikia chai na viazi vitamu. Aliuliza Mzee yuko wapi. Nikamwambia ameenda Tabaka na lori kupakia mawe ya kuchonga, atarudi jioni. Alikunja uso, akatazama barabara, akazunguka sokoni akizungumza na wapinzani wa Mzee, akarudi akaandika juu ya meza ya mume wangu ya kukatia vitambaa. Basi la mchana likampitia. Vumbi la lori la Mzee tuliliona jua likizama, na mwandishi alikuwa ameshafika kwao zamani.

Gazeti lilipokuja nililifungua nikiwa nakoroga uji. Habari ilikuwa ukurasa wa mbele. Ilisema wakulima wa kahawa wanauliza mgombea mmoja wa Nyakoe amepata wapi lori, na mwisho wake palikuwa na maneno haya: alipoulizwa, alikataa kujibu.

Uji uliungua. Nilisoma tena nikidhani macho yangu ndiyo mabaya. Alipoulizwa na nani? Mtu alikuwa Tabaka, ana vumbi la mawe mpaka kwenye kope, na huyu alikuwa hapa anamenya viazi vyangu.

Mume wangu alisoma akakaa chini. "Wewe unajua watu watasemaje," akaniambia. "Alilala kwetu."

"Hakulala. Alikunywa chai."

"Nenda kawaeleze hiyo tofauti."

Habari ilitutangulia, maana dereva wa basi naye alisoma. Jioni ile vijana waliomfanyia Mzee kampeni walipita wakipiga bati la nyumba yetu kwa fimbo, kutoka kona hadi kona. Mtoto alilia, nami nikamziba mdomo kwa titi, nikiwa nimejibanza nyuma ya pazia kana kwamba kitambaa kile kingezuia fimbo. Mmoja wao alisimama mlangoni akasema kwa Kiswahili, ili tusikose kuelewa, "Mgeni wenu ameandika vizuri." Kisha wakaenda zao.

Niliogopa, jamani. Niliogopa moto, maana nyasi za kibanda chetu cha jiko zilikuwa kavu. Niliogopa kwa ajili ya cherehani, kwa ajili ya mtoto, na kwa ajili ya mume wangu ambaye alijifanya anapiga pasi huku pasi yenyewe imepoa.

Giza halijaingia bado, Mzee mwenyewe akaja. Aliketi kwenye benchi la wateja, kofia magotini.

"Mke wa fundi," akasema, "kesho ni soko. Utasoma?"

"Sijui, Mzee. Mtoto hana raha."

"Soma." Sauti yake ilikuwa ileile ya upole. "Soma lote, usiruke hata neno moja."

Akainuka. Kabla ya kutoka alitazama ukutani, ambako suti nyeusi ilikuwa imening'inia kwenye msumari. Ilikuwa ya mdogo wake, yule kijana aliyekuwa utingo wa lori. Aliishonesha kwa ajili ya arusi, na arusi ikawa inasogezwa na kusogezwa. Kwa Wakisii, ng'ombe wa mahari wanaoletwa kwa ajili ya dada huwa ni wa ndugu fulani, wamtoshe naye kuoa. Ng'ombe wa dada yao walikuwa wa huyu kijana, kila mtu alilijua hilo, na Mzee alikuwa amewapeleka kwa rafiki yake huko Nyaramba wakalishwe mpaka wakati ufike. Kila mara kijana alipouliza, aliambiwa asubiri kidogo, malisho ya Nyaramba ni mazuri. Mimi nilikuwa nikiipangusa suti vumbi kila wiki nikimwonea huruma bibi arusi.

Mzee alipotoka, mume wangu akasema, "Usisome. Sema unaumwa."

"Watasema nimenunuliwa."

"Heri kununuliwa kuliko kuchomewa cherehani."

Sikupata usingizi. Ile "soma lote" niliigeuza kila upande, na kila upande niliona kitisho.

Soko lilijaa kuliko siku zote. Waliokuwa hawajawahi kusikiliza gazeti maishani walikuwa wamebana mbele ya baraza letu, na ndizi zao hazina mtu wa kuziangalia. Lori la Mzee liliegeshwa upande wa pili, yeye kaegemea mlango wake, mdogo wake kaketi juu ya magunia. Nilipanda sandukuni. Nililibana gazeti kifuani, nikainamisha shingo.

Nikasoma. Sikuruka neno. Nilipofika pale pa kukataa kujibu, mguno ulipita kwa watu, na wale vijana wa fimbo wakanisogelea. Nikarudia yote kwa Kikisii. Kisha, na hapa sijui ni nani alinifungua mdomo, nikasema, "Sasa hili ni neno langu, si la gazeti. Mzee hakuulizwa. Mwandishi alikuja hapa, akanywa chai yangu, akaondoka. Mzee siku hiyo alikuwa Tabaka. Gazeti limemwonea."

Cherehani ilinyamaza nyuma yangu. Vijana wakasimama. Nilimtazama Mzee nikitegemea atatabasamu, hata kidogo tu, nijue tumepona. Hakutabasamu. Alikuwa amekunja uso kama mtu aliyekanyaga mwiba.

Mama mmoja mkulima wa kahawa, mzee sana, akasema kutoka mbele, bila ukali wowote, "Basi wamemwonea. Lakini leo yupo. Tumwulize sisi. Mwanangu, kama si pesa ya kahawa yetu, lori ulinunua na nini?"

Watu wakageuka wote. Mzee akaacha kuegemea lori. "Si pesa ya kahawa," akasema. "Sijagusa ya mtu hata senti."

"Tunakuamini," yule mama akasema. "Ulinunua na nini?"

Hapo Mzee aliinua macho akamtazama mdogo wake juu ya magunia. Ilikuwa mara moja tu, na akayaondoa haraka. Lakini kijana aliliona jicho lile. Nasi tuliliona.

Kijana alishuka polepole. Alisimama mbele ya kaka yake akamwuliza kwa Kikisii, sauti ndogo, na hata mimi wa kuokoteza nilielewa: "Kaka, ng'ombe wangu wako Nyaramba?"

Mzee alitazama kofia yake.

"Sitajibu," akasema.

Jioni alikuja tena. Niliposikia hatua zake nilimshika mume wangu mkono kwa kucha. Lakini hakuja na vijana, wala hakupaza sauti. Aliketi benchi lilelile, akazeeka mbele yangu.

"Kwa nini hukusoma tu?" akaniuliza.

"Nilisema ukweli, Mzee. Nilitaka kukutetea."

"Ungesoma tu. Mimi ningesimama niseme gazeti ni la uongo, sikuulizwa, na watu wangekwenda nyumbani wakilitukana gazeti. Uongo ule ulikuwa unanifaa. Wewe ukauondoa huo peke yake, wakabaki na swali."

Alisema wangemsamehe hata kama angekula pesa ya kahawa, maana wengi wamekula, lakini kuuza ng'ombe wa ndugu yako ni kuuza mke wake na watoto wake. Kisha akatuambia tutafute pengine mwezi ukiisha. Alisema kwa upole, na nadhani ndiyo sababu niliogopa zaidi.

Gazeti la wiki iliyofuata lilifika tukiwa tumeshafunga mizigo. Lilisema mgombea wa Nyakoe, mbele ya umati sokoni, amekataa tena kujibu. Kuhusu ile mara ya kwanza halikusahihisha kitu. Watu walikuwa wanangoja, nikapanda sandukuni kwa mara ya mwisho. Safari hii kila neno lilikuwa kweli isipokuwa moja dogo, lile neno "tena". Nilivuta pumzi nilitaje. Nikawaona wale vijana, nikamwona mtoto mgongoni mwa mume wangu, nikaliacha lipite.

Mzee mwenyewe aliliondoa jina lake kwenye orodha ya wagombea. Mdogo wake alikwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya chai upande wa Kericho, na hakupita kwetu kuaga. Basi lilipopiga honi mume wangu alirudi ndani akashusha suti kwenye msumari, akaikung'uta, akaishika muda mrefu. Kisha akaitundika palepale, tukatoka.