Udongo Usio na Kiwango

"Udongo si chakula," bosi wangu aliniambia, akadhani amemaliza.

Nilikuwa nimesimama mbele ya meza yake na karatasi ya majibu mkononi, tumbo la miezi mitano limenitangulia. Mimi ni mpimaji katika maabara ya kemia hapa Dar es Salaam. Kazi yangu ni kupima unga, maji, chumvi, dagaa, hata rangi ya midomo, kuona kama ndani yake kuna kitu kisichotakiwa kuwemo. Safari hii nilikuwa nimepima udongo. Si wa shambani, bali ule wa kula: vijiti vya kijivu vilivyookwa, vinavyouzwa sokoni jirani na ukwaju na ubuyu, ambavyo wajawazito wa mji huu tunavitafuna kama karanga. Nimesema tunavitafuna kwa sababu nami nilikuwemo. Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Temeke aliyekuja kwetu Kinyerezi kunitunza, ndiye aliyekuwa akininunulia.

Asiyewahi kuutamani udongo asinicheke. Unaijua ile harufu ya mvua ya kwanza ikipiga vumbi? Sasa fikiria unaweza kuitafuna. Nilikuwa natoka maabara, navua koti jeupe, nanawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko kama taratibu zetu zinavyotaka, kisha naketi kwenye ngazi na kula udongo kwa mikono ile ile safi. Nilifanya hivyo kwa wiki nyingi bila kuona kichekesho chake. Siku nilipokiona, sikucheka. Nilichukua nusu ya pakiti iliyobaki nikairudisha ndani.

Niliusaga, nikauyeyusha kwa tindikali, nikaupitisha kwenye mashine. Kando yake nikapitisha chupa ya tindikali tupu, ili risasi ikionekana nijue imetoka kwenye udongo na si kwenye vyombo vyangu. Tindikali tupu ilitoka safi. Udongo ulikuwa na risasi. Si ile ya bunduki, ni madini yale yanayoingia kwenye damu ya mama yakavuka mpaka kwa mtoto, yakaugusa ubongo ambao ndiyo kwanza unaumbika. Nikarudia. Mashine ikasema vile vile. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, na woga wangu ulipopoa kidogo ukageuka hasira.

Hasira hiyo ndiyo iliyonipeleka kwa bosi. Nilitaka chini ya ile namba tuandike maneno mawili tu: haufai kuliwa.

"Haufai kwa kiwango kipi?" akauliza. "Unga una kiwango chake. Maji yana kiwango. Huu hauna, kwa sababu hakuna aliyewahi kuuhesabu kuwa chakula. Tukiandika haufai, tumetunga sheria. Andika namba, dada, acha maneno."

"Namba bila kiwango itamwambia nini mama wa watu?"

"Na mteja ni nani, kwani?"

"Mimi. Andika hapo: mjamzito."

Alitabasamu, mimi sikutabasamu. Lililoniudhi zaidi ni kwamba alikuwa sahihi. Maabara haitungi kiwango. Akaongeza jingine, sahihi vile vile: nimepima pakiti moja, je, udongo wa mji mzima nimeupima? Basi nikanunua mwingine. Nikauchukua Gongo la Mboto, nikauchukua Kibamba, nikauchukua kule kule Temeke kwa muuzaji wa mama mkwe. Nilipima saa za kazi zilipokwisha, kwa ruhusa yake, maana mtu mwenyewe si mbaya. Pakiti moja ilikuwa na risasi kidogo sana. Nyingine ilizidi ile ya kwanza. Na zote zilikuwa za kijivu, zote zilinukia mvua, hakuna ulimi wa binadamu ambao ungezitofautisha. Mwenye kununua anacheza bahati nasibu kwa tumbo lake, na hakuna aliyemwambia kwamba anacheza.

Kuula nilikuwa nimeacha tangu siku ya majibu ya kwanza. Nisijisifu: nilikuwa mkali kama pilipili, nililia kwa ajili ya udongo kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Mama mkwe alinitazama kwa huruma na kutoamini.

"Mwanangu, huyo mumeo nimemlea tumboni kwa udongo. Ana nini? Si kakuoa wewe msomi?"

"Mama, nimeupima."

"Na mie nimezaa. Kipi kikubwa?"

Kumjibu hapo ningemvunjia heshima, nikaenda kuosha vyombo. Lakini siku ya kliniki tuliongozana, na huko nilisema. Nesi alikuwa akitoa somo la lishe kwenye baraza la zahanati, wajawazito tumejaa kwenye mabenchi, wengine mashavu yanachezacheza. Nilijua wanatafuna nini. Nikanyoosha mkono nikaomba niseme neno. Nikawaeleza kazi yangu, nikawaeleza risasi, nikawatajia kiasi nilichokikuta kwenye kilo moja ya udongo, maana ndivyo majibu yetu yanavyoandikwa.

"Kilo?" akadakia mmoja aliyekaa benchi la mbele. "Sista, nani anakula kilo? Sie tunakulaga vijiti viwili vitatu, hamu ikikatika basi."

Baraza zima likaangua kicheko. Mama mkwe wangu akacheka kuliko wote, akapiga na kofi. Uso ukanichoma. Nikamwambia nesi, "Dada, niazime mizani ya watoto."

Nesi akanikazia macho, kisha nadhani udadisi ukamshinda. Akaondoa kikoba cha kuwekea watoto kwenye ndoano. Mimi nikamgeukia mama mkwe, nikamwomba kanga yake ya juu. Akanipa huku bado anacheka, na nesi akaifunga kwenye ndoano ikaning'inia kama mfuko, akairudisha sindano kwenye sifuri.

"Nani anakula kilo?" nikasema. "Haya, tusibishane. Kila mwenye udongo kwenye pochi auweke humu. Tunapima tu, mtarudishiwa."

Waliuleta kwa mzaha, wakisukumana. Vipakiti vikatoka kwenye mikoba, kwenye mifuko ya magauni, kwenye sidiria. Yule wa benchi la mbele alikuwa na pakiti nne. Waliokuwa wamekaa kimya kabisa, ambao nisingewadhania, nao wakainuka. Sindano ya mizani ikaanza kushuka na vicheko vikaanza kupungua. Ilipoifikia alama ya kilo na kuipita, hakuna aliyekuwa akitafuna tena.

"Hiyo ndiyo kilo mliyoniuliza," nikasema. "Haili mtu mmoja, kweli. Tunaila baraza moja, na tumeibeba asubuhi hii kama akiba ya njiani. Mimi niliila kwa wiki nyingi, na hakuna mashine itakayoniambia mwanangu amechukua kiasi gani. Kuna kiwango cha risasi kwenye chakula cha kuku. Cha kwetu hakipo. Basi mimi kiwango changu nimejiwekea, ni sifuri, na atakayeniambia sina mamlaka ya kukiweka aje abebe tumbo hili."

Nesi aliinama akaisoma mizani kwa karibu, ingawa wote tulikuwa tumeshaisoma.

Kisha wakaanza kuinuka kuja kuchukua vyao, kwa sababu niliahidi kuwarudishia na hamu haisikii hotuba. Wawili wakachukua. Wa tatu alikuwa ameshanyoosha mkono pale mama mkwe wangu alipojivuta kutoka kwenye benchi, akasogea mpaka kwenye mizani. Hakuwa anacheka tena. Alifungua pindo la kanga aliyojifunga kiunoni, akatoa pakiti mbili mpya. Alikuwa amezinunua asubuhi ile, bila kuniambia, aje anitulize nazo tukirudi nyumbani.

Akaziweka juu ya nyingine.

"Huu ni wa mjukuu wangu," akamwambia nesi. "Usinirudishie."