Kwa Nini Gari Liliegeshwa Mkata

Sokoni Korogwe hakuna aliyemweza Semboja kwa maneno. Angekuuzia kabichi iliyonyauka, nawe ukaondoka unamshukuru kwa kukuchagulia. Lakini mtu huyohuyo, mzaliwa wa Mpale kule milimani, mgane mwenye mvi za kuhesabika na pikapu ya Pijo aliyoilinda kama mboni ya jicho, akifika Mkata mbele ya Swaumu alikuwa bubu. Alisema, "Habari za siku nyingi," akasema, "Chakula kitamu," basi, ulimi ukaganda.

Swaumu alikuwa mjane wa Kizigua mwenye kibanda cha chakula kando ya barabara kuu. Ugali wake wa muhogo na kisamvu cha nazi viliwashusha watu kwenye mabasi, na kicheko chake kilisikika ng'ambo ya pili ya barabara.

Ilikuwa miaka ile Serikali ilipopiga marufuku magari ya watu binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, ili kuokoa mafuta. Madereva waliichukia sheria hiyo, ila Semboja aliipenda kimoyomoyo. Kila Jumamosi aliteremsha mboga na matunda ya milimani hadi Chalinze, na Jumapili akirudi alifika Mkata jua likiwa utosini, Korogwe ikiwa mwendo wa saa moja na nusu tu. Angeweza kufika kwake, akaoga na kupumzika. Badala yake alifungua boneti, akaikodolea macho injini isiyo na tatizo lolote, akapigapiga matairi, akaagiza chai ya pili. Saa nane ikifika, alishika kichwa. "Loo! Sheria imenikamata tena!" Watu wa Mkata waligeukia pembeni wasije wakamcheka usoni. Alilala ndani ya gari, na Jumatatu alfajiri aliondoka bila kusema alichokuja kusema.

Sasa muda ulikuwa umemwishia. Jumapili iliyopita Swaumu alimwambia, huku akimpakulia, kwamba kaka yake wa Handeni anakuja kumchukua mavuno yakiisha, akakae kwake, maana mwanamke hawezi kuishi peke yake na masufuria. Semboja alisema, "Aa, vizuri." Njia nzima ya kurudi Korogwe alijitukana.

Kwa hiyo safari hii alijifunga kibwebwe. Kutoka Chalinze mpaka Mkata alifanya mazoezi kwa sauti, akiziambia kabichi zilizobaki nyuma jinsi atakavyoanza. Akala, akanawa, akangoja saa nane ipite ili pasiwe na njia ya kutoroka, kisha akakohoa.

"Bi Swaumu," alisema, "nina jambo..."

Kishindo kilisikika nje mpaka vikombe vikaruka mezani.

Trekta la kijiji cha ujamaa, lenye tela la mahindi, lilikuwa limerudi kinyumenyume na kuibamiza Pijo ubavuni. Mlango wa dereva uliingia ndani, kioo kikamwagika chini. Sadala, dereva wa trekta, aliruka chini mikono kichwani.

"Nisamehe, kaka! Sikuliona!"

"Hukuliona?" Semboja alifoka, ulimi umemrudia wote. "Gari jeupe, limesimama muda wote huu, mbali na barabara, wewe hukuliona? Ungeliona kama lingekuwa hindi?"

Watu walicheka, na Sadala mwenyewe akacheka kwa aibu. Mzee mmoja aliyejua mambo ya bima akaonya gari lisiguswe hadi polisi waje kupima. Semboja akakaa kulilinda, amenuna, na mikate ya kumimina ya Swaumu ikamfuata hapohapo.

Asubuhi basi la kwanza kutoka Handeni lilimshusha Konstebo Mhina, kijana mwenye kola iliyonyooka. Alipima kwa kamba, akachora mchoro, akamhoji Sadala aliyekiri kosa lake, kisha akamhoji Swaumu kama shahidi, pembeni, kwa muda mrefu. Mwishowe akamwita Semboja, na kijiji kizima kikasogea karibu kwa kisingizio cha kutafuta kivuli.

"Ndugu Semboja, una bima kubwa, utatengenezewa gari. Lakini bima wanataka ripoti iliyonyooka. Kwa nini uliegesha hapa?"

"Rejeta ilichemka, afande."

Mhina akasita kuandika. "Gari lilikuwa bovu, basi. Bima wakiona hivyo watatafuta sababu ya kutolipa. Niandike?"

"Hapana, acha! Ni sheria, afande. Saa nane ilinikuta hapa."

"Shahidi anasema ulifika saa sita. Anasema pia kwamba kila Jumapili unafungua boneti na kulifunga bila kugusa kitu."

Semboja alimtazama Swaumu. Alikuwa anapeta mchele, macho kwenye ungo, kama vile hayamhusu. Semboja aliogopa, aliogopa kweli: akikataliwa mbele ya watu hawa, hatapita tena Mkata mchana. Lakini asiposema, Mkata itabaki na kibanda kitupu, na hilo lilimwogopesha zaidi.

"Andika," alisema. "Andika ukweli."

Akasema yote. Kalamu ya Mhina ilikimbia. Alipomaliza alisimama wima, maana mwenye maelezo lazima asomewe kabla hajatia sahihi, akasoma kwa sauti ya gwaride:

"Mimi Semboja, mkazi wa Korogwe, niliegesha gari langu likiwa zima, kwa makusudi, kwa sababu nampenda Swaumu na nilikuwa natafuta nafasi ya kumposa. Nilipoanza kusema, trekta likanikatiza." Akainua macho. "Ni kweli?"

"Kweli tupu," Semboja alisema, akatia sahihi.

"Shahidi, una la kuongeza?"

Swaumu aliweka ungo chini, akajipangusa vumbi la mchele.

"Ongeza kwamba shahidi amekubali. Na uandike saa, afande, maana bwana huyu ana tabia ya kuzisingizia saa."

Vigelegele vikapasuka. Sadala alipiga honi ya trekta mpaka mbuzi wakatawanyika, na Semboja akacheka huku machozi yanamtoka, wala hakuyaficha.

"Ulinichongea kwa askari," alimnong'oneza baadaye.

"Nilichoka kukupikia chai ya pili," alijibu Swaumu.

Ofisini kwa bima ripoti ilisomwa, wakaitwa na wa vyumba vingine waje kusikia, ikasomwa tena, ikapitishwa. Mlango mpya ulitoka kwenye gari la kijani, nayo Pijo ikabaki na rangi mbili. Kaka alikuja kumchukua dada yake, akakuta anahitajika kumwozesha.

Walihama Jumapili, masufuria na ungo vikiwa nyuma. "Rejeta vipi, Semboja?" watu walimwita. "Matairi je?" Hakuligusa boneti. Waliondoka Mkata asubuhi kweupe, na saa nane ilipofika, Pijo ilikuwa imeegeshwa Korogwe, mlangoni kwake.