Tope la Mvua ya Pili

Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu, ukichimba shimo, watu hawakuulizi unafanya nini. Wanakuuliza umefikia wapi. Mimi nilikuwa huko kwa masomo ya udongo na maji: nilitaka kujua mvua ikinyesha mlimani inashuka na udongo kiasi gani, penye majani na palipolimwa. Basi nikazungushia mabati vipande viwili vya ardhi. Kimoja kwenye ngitili, eneo la majani linalotunziwa ng'ombe mpaka kiangazi, na kingine kwenye shamba la mihogo la mama mwenye nyumba wangu. Chini ya kila kipande nikafukia ndoo ya kupokea tope.

Ikabaki mvua, na mvua mwaka huo ilikuwa na maringo. Msimu ulikuwa unaishia. Nisipopata tope la kupima, ningesubiri mwaka mzima ndipo nihitimu, na mama yangu kule nyumbani Kambarage alikuwa amechoka kuniuliza namaliza lini. Mimi nilikuwa nimechoka zaidi kuulizwa.

Mvua ya kwanza ilinyesha alfajiri. Nilipofika mlimani, ndoo zote mbili zilikuwa tupu, safi kuliko vyombo vyangu vya chai. Nikafuata nyayo hadi kijitoni. Mama mwenye nyumba na shoga yake walikuwa wameinama na makarai, wanaosha tope langu kama wanavyoosha mchanga wa dhahabu.

"Mama! Tope langu hilo!"

"Mwangaluka, mayu," akajibu bila haraka, maana salamu kwanza. "Mtu msomi hafukii ndoo mlimani bure. Ungetuambia tu."

Nilitaka kufoka. Badala yake nikajisikia nauliza, "Mmepata?"

"Wapi! Ile ya kwenye majani ilikuwa maji matupu. Hii nyingine ndiyo imetuvunja migongo."

Mvua ya pili nililinda ndoo zangu mwenyewe, chini ya mwavuli, nimenuna. Mama akaja na kigoda chake, eti kunisindikiza. Ilipokatika tulifukua ndoo. Ya ngitili ilikuwa na maji na vijani vichache. Ya shambani sikuweza kuinyanyua peke yangu. Furaha iliyonipata siwezi kuificha: lile tope likikauka, nalipima, naenda zangu.

Mama akatia mkono, akalisugua kwa vidole, akatoa kipande cha samadi.

"Mbona hii ni samadi yangu?"

"Ni shamba lako, Mama. Linashuka kila mvua ikinyesha."

Akakigeuzageuza kile kipande. "Kwa hiyo siku ile nilikuwa naosha shamba langu, nalimwaga mtoni?" Akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akaacha kucheka, akaingiza ndoo kati ya miguu yake. "Nitwishe."

"Mama, sijapima! Lazima likauke kwanza."

"Wewe utapima nini tena? Mimi nikose mihogo?"

Nilikasirika, nikakaribia kulia, nikamtwisha. Alipanda mlima mimi nikiwa nyuma yake, akalimwaga kwenye mashina ya mihogo, akalikandamiza kwa miguu. Halafu akayatazama mabati yangu.

"Hayo yakilala hapa chini, hayatauzuia udongo?"

"Yatauzuia," nikasema, maana ndivyo ilivyo. Tukayang'oa, tukayapanga kukinga mteremko.

Jioni nilimpigia simu mama yangu, nikamwambia namaliza mwakani.