Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa koti jeupe nililoshonewa na fundi wa mtaa wa Sakina, mjini Arusha, lenye mifuko minne, na katika kila mfuko nilichomeka kalamu. Mkuu wa Maabara, mama mrefu wa Kihaya mwenye miwani ya mnyororo, alinitazama kuanzia viatu hadi kola, akaniuliza nimesomea nini. Nikamtajia shahada yangu. Nikaongeza na daraja nililopata. Akanionyesha karo lililojaa chupa zenye mabaki ya maziwa ya wiki nzima.

"Anza hapo," alisema. "Chupa ikiwa chafu, kila utakachogundua humu kitakuhusu wewe."

Niliosha chupa mwezi mzima. Nyumbani Machame mama yangu alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba mwanawe ni daktari wa maziwa, wakamuuliza kama maziwa nayo yanaumwa. Hakuwa na jibu, na mimi nilipokwenda likizo sikuwa nalo pia, ila nililieleza kwa saa nzima.

Siku hizi vijana wanaosomea usalama wa chakula wana mashine zinazotoa majibu kabla chai haijapoa. Sisi tulianza kazi miaka ya ruksa, milango ya biashara ilipofunguliwa. Kabla ya hapo dawa ya ng'ombe ilikuwa mali ya serikali: ilikuja na bwana mifugo ndani ya sanduku lake, na mara nyingi bwana mifugo alikuja bila sanduku. Ghafla pale sokoni Tengeru, jirani na mitumba na redio za kaseti, yakafunguliwa maduka ya dawa za mifugo, na aliyekuwa na fedha alinunua alichotaka bila kuulizwa cheti. Wafugaji walishukuru, na walikuwa na haki. Sisi watafiti tulishukuru zaidi, kwani hatimaye palikuwa na jambo la kutafiti.

Kazi yangu ya kwanza ya nje ilikuwa Oldonyo Sambu, upande wa pili wa mlima unaoitazama Arusha, kuchukua sampuli kwenye maboma. Akina mama kule walisafisha vibuyu vyao kwa kijinga cha oloirien, mzeituni wa porini, wakisugua ndani mpaka kibuyu kikabaki kinanukia moshi. Niliandika katika daftari kwamba vyombo vilikuwa na masizi. Mkuu wa Maabara alipolisoma akauliza maziwa yenyewe yalionyesha nini kwenye vipimo. Yalikuwa bora kuliko ya mjini.

"Basi futa masizi," alisema. "Andika dawa."

Nikafuta. Kama ningekuwa mtu wa kujifunza haraka, kumbukumbu hizi zingeishia hapo.

Baadaye nilihamishiwa Tengeru, kwenye kituo cha kukusanyia maziwa kilichoanzishwa na kikundi cha akina mama wa Kimeru, juu kidogo ya soko, kwenye migomba na kahawa. Kila asubuhi wanakikundi na majirani zao walileta ndoo kutoka kwa ng'ombe wao wawili watatu wa bandani. Maziwa ya kila ndoo yalipimwa uzito wake kwa laktomita, kifaa kinachoelea na kumwumbua aliyeongeza maji, kisha yakachanganywa na kukabidhiwa kwa Mama Elisifa.

Mama Elisifa alikuwa mjane wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya chini. Ndiye aliyekuwa mgandishaji. Aliyachemsha maziwa, akayapooza mpaka kidole kikayavumilia, akatia mbegu, yaani mtindi kidogo wa jana, akayafunika kwa mablanketi mithili ya mtoto mwenye homa. Asubuhi yake ungeweza kusimamisha kijiko. Mtindi huo ulikwenda kwenye mahoteli na maduka ya mjini Arusha, na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa inamweka binti yake, Elisifa, sekondari.

Kazi yangu ilikuwa kupima usafi wa maziwa ya kila mfugaji, kila Jumanne. Tulitumia rangi ya bluu. Unatia tone katika maziwa mabichi, unaziweka chupa kwenye beseni la maji ya vuguvugu, unasubiri. Bakteria, vile vijidudu visivyoonekana kwa macho, wakiwa wengi huifanya rangi ipauke upesi na maziwa kurudi meupe. Wakiwa wachache, bluu inakaa kutwa. Kwa hiyo maziwa yaliyobaki ya bluu hadi jioni ndiyo safi kuliko yote. Ni kipimo rahisi, cha bei nafuu, na mtu anayekisimamia huonekana msomi sana.

Sikuridhika na kuonekana. Nikabandika mlangoni orodha ya wafugaji wote, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na kwa wa kwanza nikachora nyota. Niliwahutubia pia: vijidudu ndivyo vinavyomshusha mtu kwenye orodha, anayetaka kupanda avipige vita. Wiki chache baadaye Mwalimu Mbise alishika nafasi ya kwanza, na hakuiachia. Alikuwa mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, na ng'ombe wake mmoja alikuwa na jina la Kibiblia. Maziwa yake yalibaki ya bluu mpaka nilipofunga mlango.

Mtindi ukaanza kuharibika miezi hiyo hiyo. Mama Elisifa alifunua mablanketi akakuta maziwa ni mepesi kama alivyoyaacha. Hayakuwa yameoza, hayakuwa yamechachuka. Yalikuwa yamekataa tu. Mjini wateja wakarudisha ndoo. Kikundi kikaanza kunong'ona. Wengine walisema hasafishi vyombo. Wengine walisema alirudi kazini mapema mno baada ya kumzika mumewe, na mkono wa msiba haugandishi. Kikaitwa kikao, na katibu akaniomba nami nihudhurie, kwa kuwa ni mtaalamu.

Mama Elisifa alisimama akanyoosha mikono yake mbele ya watu.

"Hii ndiyo mikono yangu siku zote saba," alisema. "Mtindi unakataa Jumanne na Jumatano. Huo ni mkosi gani unaojua kalenda?"

Watu walicheka, na mimi nikacheka, kama msomi anavyochekea ushirikina wa pande zote mbili. Kisha nikatoa maoni ya kitaalamu. Nilisema maziwa yanayoingia kituoni ni safi, nimeyapima mwenyewe, na hasa ya Jumanne. Kwa hiyo tatizo linaanzia ndani ya mlango. Sikutaja jina la mtu. Ndani ya mlango alikuwamo mtu mmoja tu.

Alikabidhi ufunguo na mwiko siku hiyo hiyo. Aliponipita nje nilitamka pole. Alinijibu bila hasira, na hilo ndilo lililonikera.

"Umesoma sana, baba. Sasa soma na Jumanne."

Akawekwa mgandishaji mwingine, msichana mwenye mikono ambayo haikuzika mtu. Jumanne iliyofuata mtindi ulikataa. Nikaandika katika daftari kwamba pengine mbegu ndiyo iliyochoka. Jumanne ya pili ukakataa kwa mbegu mpya.

Jumatano hiyo Mama Elisifa aliniita jikoni kwake. Juu ya benchi alikuwa amepanga vikombe vya bati, kila kimoja na alama ya mkaa. Jana yake asubuhi alipita nyumba kwa nyumba akiomba maziwa kikombe kimoja kimoja, na hakuna aliyemnyima, maana walikuwa wamemtoa kazini, siyo katika ujirani. Kila kikombe alikichemsha peke yake, akakitia mbegu ile ile, kijiko kile kile. Sasa akawa anavichukua na kuviinamisha kimoja baada ya kingine. Mtindi ulitetemeka, ukabaki mahali pake. Kikombe cha mwisho kilimwagika kama maziwa ya chai.

"Cha nani?" niliuliza.

"Cha yule mwenye nyota."

Nikasema labda kikombe hakikuoshwa vizuri. Akaniambia nioshe mwenyewe, nirudie. Nilirudia Jumanne iliyofuata kwa chupa za maabara, na kuosha chupa nilikuwa najua kuliko kitu kingine chochote. Majibu yakawa yale yale. Nikampelekea Mkuu wa Maabara, nikamweleza kwamba maziwa safi kuliko yote kwenye mlima ndiyo yasiyoganda, na kwamba jambo hili huenda ni jipya katika sayansi.

Alivua miwani. "Mtindi unagandishwa na nini?"

"Bakteria, Mkuu."

"Na hiyo rangi yako inapaushwa na nini?"

"Bakteria."

Ndipo nikakisikia mwenyewe nilichosema. Kilichowaua bakteria wachafu ndani ya chupa yangu ndicho kilichowaua bakteria wema ndani ya sufuria ya Mama Elisifa, na moto haukukiondoa.

"Hayo maziwa yana dawa ndani," alisema. "Watu wanakunywa dawa bila kuumwa, na siku wakiumwa vijidudu vitakuwa vimeshaizoea. Wewe umeichorea nyota. Nenda kamuulize mwenyewe, na uende kwa adabu. Inawezekana hajui."

Mwalimu Mbise alinikaribisha kwa chai. Nilipomuuliza anamtunzaje ng'ombe wake, aliinuka kwa furaha akaniletea kutoka rafu ya vitabu vya nyimbo mabomba madogo ya plastiki yenye dawa ya ugonjwa wa kiwele, ile inayosukumwa ndani ya chuchu kwa ng'ombe anayeumwa. Ng'ombe wake hakuwa anaumwa. Dukani walimuuzia moja moja, bila boksi wala karatasi ya maelekezo.

"Namwekea kila Jumatatu jioni," alisema. "Jumanne si ndiyo siku ya mtihani wako? Mwanafunzi hujiandaa."

"Lakini Mwalimu, nani alikuambia utumie dawa hii?"

"Ulisema vijidudu vinatushusha. Nikaenda dukani nikauliza kinachoua vijidudu." Alishusha kikombe chake. "Nilikuwa wa nne, kijana wangu. Hao mama wote mlangoni pale nimewafundisha mimi kusoma, na walinisoma wa nne."

Nilikunywa chai ile hadi majani. Nilikwenda kumkamata mtu mwenye kosa, nikakuta mwandiko wangu.

Mkuu wa Maabara hakunifukuza kazi, ingawa nililala siku mbili nikiamini atafanya hivyo. Nilimpendekezea tuandike barua ya ufafanuzi kwa katibu wa kikundi. Alikataa. "Ulimhukumu kwa mdomo, mbele ya watu," alisema. "Kafutie pale pale, kwa mdomo ule ule."

Mwalimu nilimweleza kwanza peke yake, na akasisitiza kuja kikaoni. Nilisimama bila koti. Niliwaambia kwamba mikono ya Mama Elisifa haikuwa na kosa, vyombo vyake havikuwa na kosa, na kwamba maziwa niliyoyaita safi yalikuwa na dawa. Nikaeleza kwamba dawa iliingia kwa sababu ya orodha yangu. Kisha mama mmoja wa nyuma akauliza kwa upole kabisa, huko chuo kikuu tulipokuwa tunasomea maziwa, je, tulikuwa tunaletewa maziwa? Kicheko kilichofuata kilinistahili. Mwalimu Mbise alisimama akamwomba radhi Mama Elisifa kwa Kimeru, maneno machache, naye akamshika mkono.

Mama Elisifa alikubali kurudi, kwa sharti. Orodha ibanduke. Na yeyote atakayemtibu ng'ombe aseme, maziwa yake yakae pembeni, na yasimwagwe kwenye sufuria ya wote mpaka kikombe chake kigande. Wa kwanza kulifuata sharti hilo alikuwa Mwalimu. Siku kadhaa alipita mbele ya foleni na ndoo yake imejaa, anarudi nayo nyumbani, akiwasalimia wanafunzi wake wa zamani mmoja mmoja kwa jina.

Si kila kitu kilirekebishika. Elisifa alikaa nyumbani muhula ule mzima, na alipokubaliwa kurudi shule aliwakuta wenzake wako mbele. Alimaliza, sasa ni muuguzi, na ana tabia ya mama yake ya kunijibu bila hasira. Muhula wenyewe sikuweza kumrudishia kwa hotuba yoyote.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Nilipima sumu ya ukungu kwenye mahindi, dawa za wadudu kwenye nyanya, maji ya visima. Vipimo tulivyotumia vilikuwa vizuri, na niliwapenda wote niliofanya nao kazi, hata Mkuu yule, ambaye siku anastaafu alinikabidhi ufunguo wa maabara na kunikumbusha karo liko wapi. Vijana wakiniuliza kanuni ya kazi huwa nasita. Labda ni hii: kipimo hujibu swali uliloliuliza wewe, na mara nyingi kuna mtu jikoni aliyeuliza swali zuri zaidi.

Mwaka jana nilistaafu kwa hiari, nikajenga Tengeru, nikanunua ng'ombe mmoja. Akapata ugonjwa wa kiwele. Nikamtibu kwa kufuata kanuni zote, nikahesabu siku tatu za kusubiri kama kibandiko cha dawa kinavyoagiza, nikabeba ndoo mpaka kituoni. Mama Elisifa yupo bado, siku hizi amekaa kitini na wasichana wawili wako chini yake. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza habari ya matibabu. Alichota kikombe kimoja, akaniambia nirudi kesho na ndoo ya kesho.

Kesho yake nilisimama kwenye foleni. Zamu yangu ilipofika alikiinamisha kikombe, na maziwa yakakimbilia ukingoni.

Nilimwambia siku tatu zimetimia, nimezihesabu mwenyewe, na kibandiko ninacho mfukoni.

"Nakuamini, baba," alisema. "Ila ng'ombe wako hajakisoma."

Nikainua ndoo yangu, nikageuka. Foleni ilikuwa ndefu asubuhi ile, na sikuwajua wote kwa majina, lakini nilijitahidi kuwasalimia.