Rangi ya Mdaa Ulimini

Nakumbuka asubuhi moja Gongo la Mboto, mwanangu, miaka ile ambayo vichaka vya kuelekea Pugu vilianzia nyuma ya nyumba yetu. Bibi yangu, msukaji wa mikeka, alikuwa amechemsha maganda ya mizizi ya mdaa tangu jana yake ili kuutia ukindu rangi. Mvuke ulijaa ua mzima. Ukindu uliokwisha kolea ulining'inia kambani ukidondosha matone mekundu, tone baada ya tone, kana kwamba nyumba yenyewe ilikuwa ikitoka damu.

Nilikuwa kidato cha tatu, nami nilijiona nimeimaliza elimu ya dunia. Bibi alikwenda msibani. Mdogo wangu Mwanaidi, mtoto wa miaka saba, alijikunja akililia tumbo. Nami nilikuwa nimewasikia wanaume kwenye benchi la kahawa wakisema kwamba ganda la mzizi wa mdaa hutuliza tumbo. Nani aliyepona? Kwa kiasi gani? Sikuuliza. Chungu kilikuwa pale, cha moto, tayari. Nilichota bakuli, nikalipoza, nikamnywesha.

Kufika adhuhuri hakuweza kuinua shingo. Alitapika, akaharisha, macho yakazama. Ndipo Bibi aliporudi.

“Amekula nini huyu?”

“Sijui, Bibi. Labda mihogo.”

Alipiga magoti, akaufungua mdomo wa mtoto kwa kidole. Ulimi ulikuwa na rangi ileile ya ukindu wa kambani. Bibi alizoea kuniita mume wake, kwa utani wa bibi na mjukuu. Siku hiyo utani ulikuwa na miiba.

“Mume wangu msomi, ni mhogo gani huo unaotia rangi?”

Macho yangu yalikwenda kwenye chungu.

“Aibu yako kaa nayo. Mimi nauliza kiasi. Kijiko au bakuli?”

“Bakuli, Bibi.”

“Haya, mbebe. Na kwa tabibu utasema wewe, kwa mdomo wako, nami nikusikie.”

Nilimbeba mgongoni hadi zahanati. Kichwa chake kilinilalia begani, chepesi kama kifungu cha ukindu mkavu. Tabibu alikwisha andika malaria. Niliposema, aliukata mstari ule, akaagiza atundikiwe maji upesi. Siku ya tatu Mwanaidi aliomba uji. Leo anaishi Boko, ana wajukuu, na hadi sasa hapokei kikombe mkononi mwangu kabla ya kukinusa.

Alipopona, Bibi alinipeleka kichakani. Alifukua mzizi wa pembeni, akabandua ganda dogo kama ukucha, kisha akaurudishia mti udongo wake.

“Hili hulowekwa kwa ajili ya jino,” alisema. “Unasukutua, unatema. Humezi. Mama yangu alinionyesha kwa mkono, hakunisimulia. Lile la chunguni ni la mikeka.”

Mwanangu, wale wanaume wa benchi la kahawa siku hizi wamehamia kwenye simu yako. Kila asubuhi wanakuletea ganda hili na mzizi ule, wala hawakuambii kama ni wa kumeza au wa kutema. Sisemi kwamba mizizi haina dawa. Nasema kwamba uvumi hauna kipimo. Akili za kuambiwa, changanya na zako: mwulize msemaji alichokiona kwa macho yake, na mgonjwa mpeleke kwa tabibu. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi niliyaficha maradhi ya mwingine, na hilo ni baya zaidi, kwa kuwa kifo kingemuumbua asiye na kosa.

Mungu akujalie mkono unaosita kabla ya kuchota. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, akupe ulimi wa kusema “ni mimi” mapema, mtoto angali anapumua.