Radi Iliyotumwa kwa Bwana Ndeke

Nilipokuwa mtoto, mji wetu ukiitwa bado Élisabethville, jina la wakoloni, nilifundishwa kwamba radi haipigi ovyo. Ina mwenye kuituma na ina mwenye kutumiwa. Padri alilikemea jambo hilo kanisani, na Nkambo, bibi yangu mzaa mama, alimsikiliza kwa heshima, akapokea komunyo, akarudi nyumbani na imani zake zote mbili.

Mzungu ninayetaka kumsimulia tulimwita Bwana Ndeke, yaani Bwana Ndege. Alikuwa rubani wa jeshi aliyestaafu. Mpishi wake, jirani yetu, alitwambia kwamba katika vita vya Wazungu aliangusha ndege za adui, na kwamba ukuta wa sebule yake ulijaa picha na nishani. Kwetu hakuwa na adui wa kuangusha. Alikuwa na ndege yake ndogo, aliyoiweka kwenye uwanja nyuma ya mtaa wa Bel-Air, jirani na mashamba yetu ya mihogo, na mchezo wake ulikuwa kuishusha juu ya vichwa vya wanawake wakilima, mpaka wajitupe chini.

Siku moja alitushukia sisi. Mama mudogo Numbi, mdogo wake mama, alikuwa na mimba kubwa aliyoingojea miaka mingi. Alikimbia na beseni la mihogo kichwani, akaanguka mtaroni, akaangukia tumbo. Mtoto alizaliwa jioni ile, amekufa. Alikuwa wa kiume.

Baba alikwenda kushtaki kwa wakubwa wa Kizungu. Aliambiwa kwamba hewani hakuna shamba la mtu, arudi kazini.

“Kama bantu banakatala kumuhukumu,” Nkambo alisema, “nkuba itamuhukumu.” Nkuba ndiyo radi. Akafunga kitambaa chake kichwani aende kwao Mitwaba, kwa wenye kuituma.

Mama alimshika mkono. “Mama, na kama hana kosa? Itarudia sisi!”

Maana sheria ilikuwa hiyo: radi ikitumwa kwa asiye na hatia, hugeuka na kupiga nyumba ya aliyeituma.

“Niliona meno yake,” Nkambo akajibu. “Alikuwa anacheka.”

Akapanda lori, akaenda. Aliporudi hakutueleza kitu. Alikataza chumvi kwenye chakula, akaficha kila nguo nyekundu, akageuza kioo kikatazama ukuta. Tukaanza kungojea mvua. Ndege ilipopita, Numbi alitoka uani, akasimama akiitazama mpaka ipotee. Hakulia tena. Alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa makavu kama ya mtu anayelenga shabaha.

Mimi nilikuwa na hofu yangu ya siri. Siku ile nami nilimwona yule rubani, lakini niliona kofia ya ngozi na miwani tu. Meno sikuyaona. Basi kila wingu lililopanda nililitazama nikijiuliza linamtafuta nani.

Mvua ya kwanza ilikuja alasiri. Tulikaa mkekani, mbali na mlango. Radi ikapiga mara moja, mabati yakarindima, mama akatukumbatia wote. Nilifumbua macho nikatazama juu. Paa lilikuwepo. Kisha tukasikia watu wakipiga kelele barabarani: “Ndeke inaungua! Ndeke inaungua!”

Nkambo hakushangilia. Alisema tu, “Leteni chumvi.”

Mimi nilifurahi, tena sana, na sioni haya kusema hivyo. Lakini Numbi alikuwa ameshafunga kitenge kiunoni na kutoka. Mama akanituma nimfuate.

Ndege ilikuwa imebaki mbavu. Bwana Ndeke alisimama mbele yake, shati limeloa, mzee kuliko nilivyomdhania, akilia waziwazi. Mpishi wake alimpungia Numbi mkono ili arudi. Numbi akamkaribia yule mzungu mpaka wakatazamana.

“Bwana, mutoto yangu alikufa sababu ya hii ndeke.”

“Mutoto gani?” akauliza. “Mimi hapana jua mutoto.”

Hakuwa akidanganya. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Numbi akamweleza yote, beseni, mtaro, jioni ile. Kisha akasema, “Jina yake ilikuwa Ilunga. Sema.”

Yule mzungu akanong’ona, “Ilunga.”

“Sisikie. Sema tena.”

Akasema tena, kwa sauti. Numbi akageuka, tukaondoka.

Bwana Ndeke hakuruka tena. Alipokufa, Wazungu walimzika kwa bendera na tarumbeta, wakamwita shujaa wa anga. Mpishi alitwambia kwamba miaka yake ya mwisho, mvua ikinguruma, alikuwa akifunga madirisha mwenyewe na kulitaja jina ambalo wageni wake hawakulijua.

Leo nina umri wa Nkambo. Najua, kama ajuavyo mwanafunzi yeyote, kwamba chuma kikiachwa uwanjani wakati wa mvua za kwanza huvuta radi. Haidhuru. Moto peke yake ungempa huzuni ya mtu aliyepoteza mali, naye angelaumu hali ya hewa. Numbi ndiye aliyeifikisha radi ile pale ilipotakiwa kufika.

Watu wa kanisani huniuliza kama nimemsamehe Bwana Ndeke. Numbi alikufa mzee, hakupata mtoto mwingine, na hakumsamehe. Mimi siwezi kumsamehe kwa niaba yake.